Makombe Tisa ya Kivukoni

Malangali, Sumbawanga
11 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Kabwe hamjambo, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Krismasi kimekuachia. Sisi hapa tuko salama. Baba alirudi juzi kutoka shambani mguu umevimba, alikanyaga mwiba, lakini anatembea na hataki kuulizwa. Mama anakusalimu sana. Angela ameingia darasa la tano na sasa anasahihisha Kiswahili cha kila mtu nyumbani, hata cha baba. Mvua inanyesha kila siku. Nguo tunazianika jikoni juu ya moto, kwa hiyo tukienda kanisani wote tunanuka moshi.

Najua ulimwambia baba nikupigie simu. Nilijaribu. Ikiita naomba usipokee, na ukipokea nasema eeh, ndiyo, halafu nakata na kukumbuka yote niliyotaka kusema. Kwenye karatasi naweza kusubiri maneno yaje.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la tatu. Biolojia B, Hesabu F, mengine ni C na D. Baba aliyasoma mara mbili, akasema si mbaya. Mama Vicent wa dukani ameshamuuliza mama kama nitakwenda kumuuzia duka.

Jambo lenyewe ni hili. Krismasi uliniachia kile kipimo cha chuma kinachobana, ukasema nifikirie habari ya makombe ya mtoni. Nimefikiri. Nataka. Nilipokwenda Milepa kwa bibi mwezi uliopita niliokota mawili. Moja refu na jembamba kama kijiko, lingine fupi na nene kama sikio. Yametoka mto mmoja. Je, hizo ni aina mbili au moja? Na mtu anajuaje?

Samahani kwa maswali. Mzee Urbano, jirani yetu, alisikia kwamba umenituma makombe akamuuliza baba ni timu gani hiyo inayonichukua.

Mtoto wako,
Gaudiosa


Kabwe
2 Machi 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Kikohozi changu kimeisha, kimehamia kwa Daktari Kalisti, mkuu wetu hapa kwenye kambi ya utafiti, naye anakohoa kama injini ya boti isiyotaka kuwaka. Mwambie kaka Nestory aoshe mguu kwa maji ya moto na chumvi na aache ubishi. Msalimie Monika. Angela mwambie barua hii nimeiandika haraka, asije na kalamu nyekundu.

B ya Biolojia nimeiona. Hesabu tutaizungumza siku nyingine.

Kwanza maneno. Kwenye fomu zetu, kome ni mnyama mzima, mwenye nyama ndani. Kombe ni gamba tupu. Mzee Urbano achanganye anavyotaka, wewe usichanganye.

Swali lako ndilo linalotuweka hapa. Watu wa zamani waliokuja kuokota waliangalia umbo peke yake. Gamba refu wakalipa jina, fupi wakalipa jina lingine, mpaka majina yakawa mengi kuliko kome wenyewe. Lakini kome anayeishi kwenye maji yanayokimbia mara nyingi hujijenga mnene na mfupi ili asichukuliwe, na ndugu yake aliyekulia kwenye dimbwi lililotulia anakuwa mwembamba na mrefu. Tena wapo wanaofanana kama mapacha na hawana udugu wowote. Ndiyo maana tunapima umbo, halafu tunakata kipande cha nyama ya ule mguu wake mweupe, kidogo kama punje ya ulezi, tunakitia kwenye spiriti. Chuo kikuu wanasoma vinasaba vyake. Vikipatana na umbo, vizuri. Visipopatana, tunafuata vinasaba, kisha tunarudi kulitazama gamba tujue lilitupoteza wapi.

Nahitaji arobaini kutoka mto wa Milepa, wengine kivukoni maji yanapokimbia, wengine dimbwini. Kila mmoja awe na namba, tarehe, kina cha maji, urefu, kimo na unene. Safu inayoitwa Chanzo usiiache hata mara moja. Gamba ambalo hatujui limetoka wapi kwetu ni sawa na kokoto. Chupa na spiriti nakutumia kwa basi pamoja na barua hii.

Na hili usimwambie mtu bado. Oktoba kutakuwa na nafasi moja ya msaidizi wa maabara hapa kambini, kwa mwaka mmoja, na anayefanya vizuri wanampeleka chuo. Nimekutaja. Daktari amesema ataiona kazi kwanza, jina baadaye.

Shangazi yako,
Cornelia


Malangali
28 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mguu wa baba umepona, ingawa anasema ulipona wenyewe. Mama ana mafua. Mahindi ya karibu na nyumba tumeanza kuchoma machache. Samahani kwa kuchelewa, barabara ya kushuka bondeni iliharibika na gari hazikupita kwa wiki mbili.

Nilikaa Milepa siku tano. Joto la kule nilikuwa nimelisahau. Bibi Kristiana anakusalimu na anauliza kama Kabwe hakuna gari za kurudi Milepa. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema kazi na yeye anayo. Ana vyungu kumi na viwili vinasubiri jua ili avichome, na kila jioni ananikalisha nivilainishe pamoja naye. Analo kapu lake la makombe ya kulainishia, hataki mtu alisogeze. Anasema kijiti kinakwaruza udongo lakini kombe linaubembeleza.

Kazi niliifanya hivi. Siku ya kwanza nilikuwa dimbwini. Kome wanajificha kwenye tope, unawasikia kwa vidole vya miguu kabla ya kuwaona. Nilipata kumi na tisa. Siku ya pili, kivukoni, nilipata kumi na wawili, wamebanwa katikati ya mawe, wafupi, wazito. Siku ya tatu maji yalijaa. Wote hao thelathini na mmoja wana nyama kwenye spiriti, namba 1 mpaka 31.

Namba 32 mpaka 40 ni makombe, siyo kome. Nimeyapima kama mengine. Chanzo nimeandika Kivukoni.

Kukata nyama kulinipa shida, lakini kupima hakukunipa. Kila kipimo nimekirudia mara tatu.

Ile habari ya Oktoba sijamwambia mtu. Naifikiria nikiwa nafagia.

Mtoto wako,
Gaudiosa


Kabwe
9 Juni 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Mafua ya Monika yaishe. Hapa upepo wa ziwa umeanza na karatasi zote mezani tunazikandamiza kwa mawe. Mama yangu mwambie gari za Milepa zipo, nafasi ya kuondoka ndiyo haipo. Yeye anajua.

Sasa kaa chini usome. Daktari Kalisti aliingiza vipimo vyako kwenye kompyuta. Kila gamba linakuwa nukta moja kwenye kioo, na yanayofanana umbo yanakaa karibu. Wa dimbwini walikaa upande mmoja, wa kivukoni upande mwingine, kama tulivyotegemea. Yale tisa yakakaa peke yake kabisa, huko pembeni, kama wageni wasiomjua mtu harusini. Ni mafupi kuliko ya kivukoni, na ukingo wa chini umenyooka kana kwamba umekatwa. Daktari aliyapanga mezani akayazunguka mara tatu. Hata kukohoa alisahau. Anasema hajaona umbo hilo kwenye mto wowote wa huku. Huenda ni aina ambayo haijaandikwa.

Anataka kome wenyewe, wenye nyama. Rudi Milepa maji yakipungua. Na uniandikie hasa ni wapi kivukoni: upande gani wa mawe, kwenye mchanga au changarawe.

Nimekuwekea habari nzuri mwishoni ili usiruke ya juu. Daktari ameandika jina lako kwa ile nafasi. Hatasaini mpaka Septemba, lakini ameandika. Sasa unaweza kumwambia baba yako.

Shangazi yako,
Cornelia


Malangali
14 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye mavuno. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi majani yote meupe kwa umande. Ulezi umekubali, baba amejaza kihenge na mwingine uko kwenye magunia sebuleni, Angela anaupanda kama mlima. Binamu Abeli anaoa mwezi ujao. Mama ameshashona kitenge.

Baba nilimwambia. Alitoka nje, nikasikia anamwambia Mzee Urbano ng'ambo ya ua. Jumamosi akarudi kutoka sokoni na begi jipya lenye magurudumu. Nalala nalo chumbani.

Nilirudi kivukoni. Sikuwapata wale wa aina ile wakiwa hai. Uliuliza ni wapi hasa. Ni pale kivukoni, upande wa mawe.

Nguo nibebe za baridi au za joto?

Mtoto wako,
Gaudiosa


Kabwe
18 Agosti 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Nguo za joto, na sweta moja.

Barua yako ilikuwa fupi. Kihenge, kitenge na begi nimevielewa vizuri. Kivuko sikukielewa.

Majibu ya chuo yamekuja. Makombe matupu kwa kawaida hayatoi kitu, lakini tulisaga unga kidogo kutoka kwenye bawaba, pale magamba mawili yanaposhikana, na mawili kati ya tisa yakasomeka. Vinasaba vyake ni vilevile vya wale kumi na wawili wa kivukoni. Kwa hiyo siyo aina mpya.

Nilidhani Daktari atavunjika moyo. Amefurahi zaidi. Anasema kama damu ni moja na umbo ni tofauti kiasi hicho, basi pana kitu kwenye maji ya kivuko cha Milepa kinacholichonga gamba namna ile. Ameandika kurasa nne. Tarehe 25 Septemba atazisoma mbele ya wenzake kwenye mkutano, na watu watazichukua waende nazo kwenye mito yao. Jina lako liko ukurasa wa kwanza, mwokotaji. Wiki hiyohiyo anasaini barua ya nafasi yako.

Nakuuliza mara moja, sitarudia. Yale tisa uliyapata wapi?

Cornelia


Malangali
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima.

Niliyatoa kwenye kapu la bibi.

Nimeandika mstari huo nikaenda kuchota maji nikarudi nikaukuta bado upo. Sasa naandika yote.

Siku ya tatu maji yalijaa kidogo tu. Yalinifika chini ya goti. Nilishuka kivukoni na ndoo yangu, nikakuta vijana watano au sita wanaosha pikipiki palepale penye mawe. Wamevua mashati, wameweka muziki, wanarushiana maji. Hawakunifanya kitu. Hawakuniona. Nilisimama nyuma ya matete nikitafuta jinsi ya kusema samahani naomba nipite, nina kazi hapo. Ni maneno machache. Nilisimama mpaka jua likawa utosini. Kila nikipiga hatua mmoja anacheka, nami narudi, ingawa hawakuwa wakinicheka mimi. Nikaondoka. Siku ya nne vilevile. Siku ya tano sikwenda kabisa.

Ulikuwa umesema arobaini. Nilikuwa na thelathini na mmoja. Bibi alikuwa amelala mchana, kapu liko mlangoni. Nilichagua tisa yanayolingana, ukubwa wa wastani, nikayaosha udongo kwa mswaki. Bibi alipoamka nilimuuliza makombe yake huwa anayatoa wapi. Akasema mtoni, pale kivukoni, wapi kwingine. Nikajiambia basi Chanzo ni Kivukoni, siyo uongo. Lakini aliendelea kusema. Alisema mengine ni ya mama yake, hajui alikotoka nayo. Hilo nalo nililisikia, sikuliandika.

Barua yako ya Juni ilipofika nililia, mama akadhani ni furaha. Nilijua kwa nini ukingo umenyooka. Nilikuwa nimelainisha vyungu kwa makombe hayohayo jioni tano mfululizo. Udongo ndio ulioyala, shangazi. Miaka yote hiyo ya bibi, na ya mama yake. Nilirudi kivukoni Julai kweli, na vijana hawakuwepo, nikatafuta siku nzima, nikitumaini niko sawa kwa bahati.

Sikukuandikia kwa sababu ya begi. Baba kila akipita analisogeza kidogo ukutani likae vizuri.

Mwambie Daktari asizisome zile kurasa. Mwonyeshe barua hii kama lazima. Wale thelathini na mmoja ni wa kweli, niliwatoa kwa mikono yangu, lakini sitashangaa kama hatawataka tena.

Gaudiosa


Kabwe
15 Septemba 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, mbele ya basi lililoileta, konda akaniuliza kama nimefiwa.

Nilijua. Siyo sasa. Tangu Juni, siku chache baada ya kukuandikia kwa furaha ile. Nililiweka namba 36 chini ya lenzi. Gamba lina mistari ya ukuaji, wewe umeiona, inafuata ukingo kama matuta yanavyofuata kilima. Kwenye yale tisa mistari inafika ukingoni na kukatwa. Hakuna kome anayekua hivyo, na mto nao hausugui hivyo. Mto huanza kulila gamba mgongoni, karibu na bawaba. Kisha nililichukua mkononi bila kufikiri, na kidole gumba kikaenda chenyewe mahali pake. Mimi nimelainisha vyungu kwa mama mpaka nilipomaliza darasa la saba. Ningeachaje kulijua?

Nikalirudisha kwenye boksi nikafunga. Daktari alikuwa na furaha, jina lako lilikuwa limeandikwa, nami ndiye niliyekuleta. Nikajiambia labda nimekosea. Agosti nikakuuliza wewe swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo, ili ubebe wewe. Umelibeba. Naomba unisamehe. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha kwa barua, sijui inaandikwaje, ndivyo nilivyoandika.

Nilikwenda kwa Daktari siku hiyohiyo na barua yako. Nikamweleza na ya kwangu. Alivua miwani, akazichukua zile kurasa nne akazipiga mstari mmoja mrefu kila moja. Halafu akaomba magamba yako thelathini na moja na fomu. Alikaa nayo siku mbili akiyapima upya, yote, peke yake. Tofauti kubwa aliyoikuta ilikuwa nusu milimita. Akaniambia, "Huyu mtoto anapima vizuri kuliko wewe." Sikubisha.

Nafasi imekwenda. Naandika hivyo waziwazi ili usiisome barua hii mara mbili ukitafuta neno lingine. Amechukuliwa mtu wa Namanyere, anaanza Oktoba. Daktari alisema hawezi kumweka kwenye maabara mtu aliyeacha uongo ukae miezi minne mpaka ukakaribia kufika mkutanoni, na alinitazama mimi aliposema. Mimi nimepewa barua ya onyo. Nimeistahili.

Kuna jambo moja zaidi. Chuo wamemaliza vinasaba vya wote. Wa kivukoni wafupi na wa dimbwini warefu ni aina moja, kama nilivyokuambia Machi. Ila wanne wa dimbwini, namba 6, 11, 12 na 17, ambao kwa macho na kwa kipimo wewe na mimi tuliwaona ni walewale, siyo ndugu zao kabisa. Daktari amerudi kuwazunguka mezani. Wanne ni wachache, hathubutu kusema lolote. Anahitaji wengine kutoka dimbwi lile, na ameniambia niulize kama mwokotaji yuko tayari. Hakuna nafasi nyuma yake, wala ahadi. Ni nauli, chupa na spiriti.

Ukikataa nitaelewa.

Shangazi yako,
Cornelia


Malangali
6 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Abeli ameoa, mama alicheza mpaka kiatu kikatoka kisigino. Jua sasa ni kali na kila mtu anatazama mawingu ya kulimia. Nimekusamehe, ila naona aibu kukuandikia neno hilo kwa sababu ni kubwa kuliko mimi. Chukulia limekaa vizuri.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa bibi. Nilishuka Milepa kwa ajili hiyo tu. Nilimwambia niliiba makombe yake tisa nikasema yametoka mtoni, na daktari mmoja akaandika kwamba maji ya kivuko yana nguvu ya kuyachonga. Alinisikiliza huku anakanda udongo. Kisha akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. "Kumbe ni mkono wangu," akasema, "na wao wakauita maji." Halafu akakasirika, lakini kwa ajili ya kuiba. Anayataka makombe yake, na hayataki kwa basi. Anasema aliyeko karibu nayo ayalete mwenyewe. Nami nimekufikishia kama alivyosema.

Nimeshakwenda dimbwini. Kwenye boksi hili wamo kome ishirini na wawili, namba 41 mpaka 62. Namba 32 mpaka 40 nimeziruka, naona ziachwe wazi. Sikufika arobaini, na fomu inasema ishirini na wawili. Nimepima kina kwa kamba yenye mafundo. Saba kati yao wana rangi ya waridi kidogo ndani ya gamba karibu na bawaba, na wengine hawana. Kipimo hakionyeshi hilo, kwa hiyo nimeliandika pembeni kwa penseli. Huenda si kitu. Namba 17 unaye huko, mtazame ndani.

Baba nilimwambia jioni nilipotoka Milepa. Alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Aliuliza kama wewe utafukuzwa kazi, nikasema hapana. Aliuliza kama wale thelathini na mmoja ni wa kweli, nikasema ndiyo. Akaendelea na jembe. Nilijua bado kuna kitu, kwa sababu alikuwa amewaambia watu wote wa jumuiya yetu kwamba Oktoba nakwenda Kabwe.

Leo baada ya misa tulikuwa tunashuka njia ya nyumbani, watu wengi, Mzee Urbano na mke wake wako mbele yetu. Aligeuka akamuuliza baba ninaondoka lini, mbona Oktoba imeingia. Niliona baba anavuta pumzi. Najua angesema nafasi zimejaa, au gari, au mwakani. Nikamshika mkono wa shati. Nikasema, "Siendi, Mzee. Makombe tisa niliyopeleka hayakutoka mtoni, nikaandika yametoka mtoni. Wamempa mtu mwingine."

Nilisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma walisikia. Miguu yangu ilikuwa inaendelea kutembea, sijui nani alikuwa anaitembeza.

Mzee Urbano alishangaa kweli, hakuwa na ubaya. Akasema, "Wamekunyima kazi kwa makombe tu?"

Baba ndiye aliyemjibu. "Siyo makombe tu," akasema.

Tukawapita.

Gaudiosa